Nani Anayemchagua Mpinzani? Ngumi za Kulipwa, Televisheni na Vijana wa Zanzibar

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Waheshimiwa viongozi wa michezo, makocha, wazazi wenzangu, na nyinyi vijana mliokuja moja kwa moja kutoka mazoezini, nakushukuruni kwa kuitikia mwaliko huu. Nimeombwa nizungumze juu ya biashara ya kuandaa ngumi za kulipwa na namna televisheni inavyoiendesha. Mada ni pana, na kwa muda niliopewa nitaishika kwa swali moja tu, ambalo kwa miaka niliyofanya kazi ya kupanga ratiba za michezo katika kituo kimoja cha televisheni niliona kuwa ndilo linalobeba mengine yote: bondia anapopanda ulingoni, yule aliyesimama kona ya pili amechaguliwa na nani, na kwa maslahi ya nani?

Hapa Kikwajuni tuna sababu ya kuliuliza swali hili mapema. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ilipiga marufuku ngumi visiwani, na marufuku hayo yakadumu zaidi ya nusu karne, mpaka yalipoondolewa chini ya uongozi wa Rais Hussein Ali Mwinyi. Agosti 2023 uwanja wa Mao Zedong, ulio jirani yetu hapa, ukashuhudia ngumi za kulipwa zikipiganwa mbele ya kamera. Wazee waliomo humu watakumbuka pia kwamba Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, miaka 20 hivi kabla ya Bara kupata vituo vyake. Tulijua kutazama picha kabla ya majirani zetu, lakini ngumi hatukuwa nazo. Kwa hiyo mapromota, yaani waandaaji wa mapambano, pamoja na mameneja na wapangaji wanaowatafutia mabondia wapinzani, hawakukulia hapa, na ujuzi wa mikataba ambao wenzetu wa Bara wameupata kwa kuumia, sisi bado hatunao. Mchezo umerudi kwetu ukiwa umeshakatwa na kushonwa kwa kipimo cha skrini.

Promota ana mifuko mitatu ya kutegemea: kiingilio, wadhamini na haki za matangazo. Kiingilio kina mpaka wake, maana ukumbi una idadi ya viti. Mdhamini, kabla ya kutoa chochote, huuliza kama pambano litaonekana. Kwa hiyo mifuko miwili iliyobaki, ukiitazama vizuri, imefungwa kwa kamba moja, na ncha ya kamba imeshikwa na kituo cha televisheni. Kituo nacho kinachonunua hasa ni saa. Kinataka kujua pambano kuu litaanza wakati gani, kwa kuwa matangazo ya biashara yameshauzwa kwa wakati huo. Mapambano ya utangulizi yakimalizika mapema kwa nokauti, usiku unabaki na tundu, na ndiyo maana promota mzoefu huweka pambano la akiba: vijana wawili waliofungwa bandeji mikononi tangu saa mbili usiku, wakisubiri kuitwa wakati wowote tundu litakapotokea, pengine saa nne, pengine saa saba, miili yao ikiwa imekwisha kupoa. Nimekaa na vijana hao koridoni. Aliyeko nyumbani hawaoni, naye anaamini kwamba usiku umejipanga wenyewe.

Sasa tuje kwa mpangaji wa mapambano. Kwa sura ya nje kazi yake ni ya mshenga. Anakwenda nyumba hii, anakwenda ile, anabeba maneno, anapunguza ukali wa masharti, mpaka pande mbili zinakubaliana juu ya uzito, idadi ya raundi, malipo na siku. Lakini mshenga wetu hutumwa na jamaa wanaojulikana, na upande wa msichana nao huwa na wajomba na mashangazi wa kuuliza kijana ni wa wapi, anafanya nini, ana tabia gani. Katika ngumi mpangaji analipwa na promota, promota mara nyingi ameshafunga mkataba na bondia wa kona moja, na yule wa kona ya pili amekuja na begi lake na kocha mmoja, bila ya mjomba wa kuuliza lolote.

Thamani ya bondia kwenye televisheni husomwa katika rekodi yake, na tarakimu inayouzwa ghali kuliko zote ni ile sifuri iliyo upande wa kushindwa. Mwenye ushindi 15 na sifuri anatundikwa kwenye mabango. Mwenye ushindi 15 aliyepoteza mara 4, hata kama hao waliomshinda walikuwa mabondia wakubwa kuliko wote aliokutana nao mwenzake, anahangaika kutafuta nafasi. Basi kazi ya mpangaji inageuka kuwa ulinzi wa sifuri. Anatafutwa mtu mwenye jina la kumridhisha mtazamaji lakini asiye na nguvu za kumtia mwenyeji hatarini: aliyepungukiwa na miguu kwa umri, aliyetoka uzito wa chini, au mwenye kichwa kigumu anayeweza kupigwa raundi nne au tano bila ya kuanguka, kwa sababu akianguka mapema mno ratiba inavurugika. Sisemi kwamba kila upangaji wa namna hii ni dhuluma. Kijana anayejifunza lazima apandishwe ngazi kwa ngazi, na mpangaji mwenye jicho zuri ni mwalimu kama walivyo walimu wengine. Anajua huyu anasumbuliwa na wapiganaji wa mkono wa kushoto, na anampa mmoja dhaifu kwanza, kisha mmoja wa wastani. Dhuluma inaingia pale mmoja anapopewa ngazi apande, na mwenzake anageuzwa kuwa ndiyo ngazi yenyewe, tena bila ya kuambiwa.

Nitakupeni mfano nilioushuhudia. Kijana mmoja wa Ng'ambo, ambaye sitamtaja na wala sitamtaja aliyemwita, alipigiwa simu siku ya Jumapili kwa pambano la Ijumaa huko Bara. Aliambiwa uzito ni kilo 61. Siku ya kupima, mpinzani wake akasimama kwenye mizani kilo 65, na yule kijana akaambiwa achague: apigane, au arudi Unguja kwa nauli yake mwenyewe. Bondia aliyetangazwa mwanzo alikuwa ameumia, tangazo lilikuwa limekwisha kurushwa wiki mbili, na nafasi ilikuwa lazima ijazwe. Akapigana. Alisimama raundi zote sita, akashindwa kwa pointi, na akalipwa nusu ya kile alichoahidiwa kwa mdomo, kwa kuwa karatasi aliyoitia saini katika chumba cha kubadilishia nguo ilikuwa na tarakimu nyingine naye hakupewa muda wa kuisoma. Ile saa ya matangazo niliipanga mimi. Karatasi ya uzito ililetwa mezani kwangu, nikaisoma, nikajua si sawa, nikanyamaza kwa sababu ratiba ilikuwa imekamilika. Hilo ninalibeba mpaka leo.

Msidhani kwamba haya ni maradhi ya nchi masikini. Marekani, mwaka 1949, James Norris na wenzake waliunda kampuni iliyoitwa International Boxing Club. Kati ya Juni 1949 na Mei 1953 kampuni hiyo ilikuwa na mkono katika mapambano 36 kati ya 44 ya ubingwa yaliyofanyika nchini humo. Walishika kumbi kubwa, wakashika mikataba ya mabingwa, wakashika na usiku wa matangazo; bondia aliyetaka kugombania mkanda alilazimika kwanza kujifunga kwao. Shauri lilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 1959 mahakama hiyo ikaidhinisha amri ya kuivunja kampuni. Wakati shauri likiendelea, jambo jingine lilikuwa linatokea mitaani kwa kimya. Watu walizoea kutazama ngumi sebuleni usiku kadhaa kwa wiki bila ya kulipa, wakaacha kwenda kwenye vilabu vidogo, na vilabu hivyo, ambavyo ndivyo vilivyokuwa vikiwalea mabondia, vikafungwa kimoja baada ya kingine. Televisheni ilikuwa ikihitaji wapiganaji wapya kila wiki, na huku ikikausha visima walikotoka. Nawaomba makocha wenye vyumba vidogo vya mazoezi hapa Mjini na kule Chake Chake waikumbuke sana habari hii, maana wao ndio visima vyetu.

Mfano wa pili unahusu rekodi. Mwaka 1977 kituo cha ABC kiligharamia mashindano makubwa ya kutafuta mabingwa wa Marekani, promota akiwa Don King, na washiriki wakichaguliwa kwa kutegemea orodha ya jarida la ngumi la The Ring. Walipochunguza, iligundulika kwamba rekodi za mabondia kadhaa zilikuwa zimejazwa ushindi wa mapambano ambayo hayakupiganwa kamwe. Mashindano yakasitishwa Aprili mwaka huo huo, mamilioni ya watazamaji wakiwa wameshayatazama kwa kuamini. Tazameni jinsi lilivyotokea: kituo kiliamini jarida, jarida liliamini waliolipelekea taarifa, na hakuna aliyekwenda kuuliza kwenye ukumbi ambako pambano lilidaiwa kufanyika. Siku hizi rekodi zinatunzwa kwenye intaneti na ni rahisi zaidi kuzikagua, lakini kukagua kunahitaji mtu mwenye dhamana hiyo, na mtu huyo hawezi kuwa yule yule anayeuza tiketi.

Kuhusu saa, nitapita haraka. Pambano la Muhammad Ali na George Foreman la tarehe 30 Oktoba 1974 mjini Kinshasa lilipiganwa saa kumi alfajiri. Serikali ya Mobutu ilikuwa ndiyo mlipaji, dola milioni 5 kwa kila bondia, na maelfu ya wananchi walikesha uwanjani, lakini saa ilichaguliwa ili New York iwe saa nne usiku. Aliyelipa alikuwa Mwafrika, na aliyepangiwa saa alikuwa mtazamaji wa Marekani. Nalitaja kwa sababu nasi tutaombwa siku moja kupiganisha vijana wetu saa ambayo miili inataka kulala.

Pia televisheni inaweza kuzuia pambano. Floyd Mayweather na Manny Pacquiao walianza kutajwa pamoja mwaka 2009, wote wakiwa katika ubora wao. Mapromota walikuwa mahasimu, baadaye Mayweather akahamia kituo cha Showtime na Pacquiao akawa na HBO, na walikuja kukutana tarehe 2 Mei 2015, Mayweather akiwa na miaka 38 na Pacquiao 36. Nyumba milioni 4.6 zililipia kutazama, kwa bei iliyokaribia dola 100 kila nyumba. Fedha hazijapata kuonekana kama zile, lakini pambano lenyewe lilikuwa la watu waliochelewa.

Najua wapo watakaosema: basi aliyeitwa kona ya pili hana tumaini. Analo. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo wa Tanga alikwenda Birmingham kukutana na Sam Eggington, mwenyeji, mbele ya watazamaji wa mwenyeji, na wachache mno walimpa nafasi. Alimmaliza katika raundi ya pili. Furaha iliyotanda nchini mnaikumbuka. Miaka minne baadaye, Septemba 2022, alirudi Uingereza kupigana na Liam Smith mjini Liverpool, na safari hiyo pambano likasimamishwa katika raundi ya nne. Mtu yule yule, nchi ile ile. Mgeni anaposhinda sote tunasherehekea na kusahau kuuliza aliitwa kwa masharti gani. Mimi naomba tuulize katika siku za ushindi na siku za kushindwa vile vile.

Mwaka 2000 Marekani ilitunga sheria iliyopewa jina la Muhammad Ali. Inakataza meneja wa bondia kuwa na maslahi ya kifedha katika biashara ya promota, na inamlazimu promota kueleza anapata nini na anakata nini katika pambano. Imechukua nusu karne ya madhara kufikia hapo, na hata hivyo inakwepwa. Sisi tunaanza sasa, watu wetu wanajuana, visiwa ni vidogo kiasi kwamba mpangaji akimdhulumu kijana wa Makunduchi habari itafika Wete kabla ya Isha. Naomba wanaosimamia ngumi hapa watenganishe kazi ya meneja na ya promota kabla ya kutoa kibali cha pambano lolote litakalorushwa hewani. Malipo ya mabondia wote wawili yawekwe mahali pa amana kabla ya siku ya kupima uzito. Na tofauti ya uzito ikizidi ile iliyoandikwa, pambano lifutwe na aliyetimiza uzito wake alipwe. Kituo kitalalamika juu ya tundu katika ratiba. Nimekuwa upande huo wa meza, na ninakuhakikishieni kwamba tundu la dakika 20 linazibika kwa marudio ya pambano la zamani.

Kwa wazazi na makocha, nimeandika karatasi ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili. Ina nafasi ya jina la mpinzani na rekodi yake, uzito uliokubaliwa, idadi ya raundi, malipo kwa tarakimu na kwa maneno, nauli ya kwenda na ya kurudi, na jina la daktari atakayekuwepo ukumbini. Nakala ziko kwenye meza ile ya mlangoni. Mwenye kijana anayepigana achukue mbili: moja abaki nayo nyumbani, na nyingine irudi na saini ya promota kabla ya kijana kupanda boti.