Unamshtaki Nani?

Ndugu zangu, habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie fidia kwa watu waliodhulumiwa utotoni ndani ya taasisi. Sitaanza na pesa. Nitaanza na swali ambalo manusura hukutana nalo akiingia tu ofisini kwa wakili: unamshtaki nani?

Huko Australia, John Ellis alidhulumiwa kingono na padri miaka ya 1970, akiwa mtumishi wa altare Sydney. Uchunguzi wa Kanisa lenyewe uliona kuwa yaelekea anasema kweli. Akaomba dola 100,000. Akakataliwa, na walipofika mahakamani, mawakili wa jimbo kuu Katoliki la Sydney wakambana kwa maswali kana kwamba hakuna lililotokea. Mwaka 2007 Mahakama ya Rufani ya New South Wales ikasema Kanisa Katoliki la Sydney si nafsi ya kisheria, kwa hiyo halishitakiki. Wadhamini wanashitakika, lakini kazi yao ni mali. Ya padri hayawahusu. Padri mwenyewe alishafariki. Yaani viwanja vilikuwa na wa kuvijibia, mtoto hakuwa naye. Kila nikiisoma hukumu ile naumia.

Victoria, moja ya majimbo ya Australia, iliziba tundu hilo mwaka 2018: taasisi isiyo na nafsi ya kisheria itaje mdaiwa, la sivyo wadhamini wake waweza kushtakiwa.

Kuna na ukomo wa muda wa kufungua kesi. Tume ya Kifalme ya Australia, iliyochunguza dhuluma za kingono kwa watoto ndani ya taasisi kuanzia 2013 hadi 2017, ilikutana faraghani na manusura zaidi ya 8,000. Kwa wastani walikaa miaka 23.9 kabla ya kumwambia mtu yeyote. Nimewahi kukaa na mtu mzima aliyekuwa anasimulia kwa mara ya kwanza. Alizungusha kikombe mezani mpaka chai ikapoa, sentensi ileile akaianza mara tatu, akaomba tuahirishe. Mtu huyo unamwambiaje kwamba alikuwa na miaka mitatu, au sita, tangu atimize umri wa utu uzima? Victoria ilifuta ukomo huo 2015, na majimbo mengine yakafuata.

Tarehe 1 Julai 2018 ukaanza mpango wa taifa wa fidia: hadi dola 150,000, ingawa Tume ilipendekeza 200,000, pamoja na ushauri nasaha na kuombwa radhi na taasisi husika. Humo hubanwi na wakili wa mtu. Kwa mzee mgonjwa asiye na nguvu za kesi, huo ni msaada wa kweli, na sitaubeza. Ila ukipokea, unasaini kwamba hutaishtaki tena taasisi hiyo.

Na wanaochagua mahakama? Novemba 2024 Mahakama Kuu ya Australia iliamua, katika kesi ya Jimbo Katoliki la Ballarat, kwamba padri si mwajiriwa, hivyo jimbo halibebi dhima ya kosa lake kama mwajiri angebeba ya mfanyakazi wake.

Sasa pigeni hesabu nami. Mpango unagusa dhuluma zilizotendeka kabla ya Julai 2018. Maombi yanafungwa tarehe 30 Juni 2027. Mtoto aliyeumizwa 2017, tukifuata wastani uleule wa Tume, atafungua mdomo karibu na mwaka 2041.