Hopaki jukwaani: jifunze hatua, kisha panga ngoma yako

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo tunacheza hopaki, ngoma ya Ukraine, halafu tunaipanga jukwaani. Vaeni viatu laini, simameni wima, mnitazame miguu.

Tuanze na hatua ya mbio, wenyewe huiita bihunets. Hesabu ni moja-na-mbili. Kwenye "moja", ruka mbele utue kwa mguu wa kulia, goti lilegee. "Na", kushoto. "Mbili", kulia tena. Hizi mbili za mwisho ni fupi, unakanyaga kwa vidole tu. Ukimaliza, anza upya na kushoto. Mruko uende mbele, usiende juu. Rudieni mpaka miguu iende yenyewe. Msiikimbilie hatua inayofuata, maana bila hii hakuna hopaki.

Sasa mpangilio. Kijijini wachezaji hucheza kwenye duara, wakitazamana wao kwa wao. Ukilileta duara lile jukwaani kama lilivyo, watazamaji wataona migongo. Kwa hiyo lifungueni mbele, liwe nusu duara, na wanaoruka na kuchuchumaa waingie katikati kwa zamu.

Ufundi huu una wenyewe. Vasyl Verkhovynets, mtafiti wa ngoma za Ukraine, alizunguka vijijini akiandika hatua moja moja. Mwaka 1937 Pavlo Virsky na Mykola Bolotov wakaunda kundi la taifa la ngoma, na kuanzia 1955 hadi alipofariki 1975, Virsky akaliongoza. Yeye ndiye aliyeoanisha hatua za kijijini na nidhamu ya baleti: mistari iliyonyooka, safu nzima ikichuchumaa kwa pigo moja.

Inapendeza mno, lakini kuna kitu kilipungua. Hopaki ilikuwa ya wanaume kuonyeshana ubingwa, kila mtu akibuni lake papo hapo. Ndiyo maana nawasihi: mkishapanga kila kitu, acheni mapigo kumi na sita matupu katikati. Mchezaji aingie afanye atakalo. Kwangu mimi huo ndio ubunifu.

Na msichomeke hatua za arkani humu ili kuongeza madoido. Arkani ni ya wanaume wa Kihutsuli, milima ya Karpati. Hushikana mabega, duara limefungwa, miguu ikikanyaga kwa uzito. Ipeni ngoma yake, na duara lake lisifunguliwe, hata kama watu watatazama migongo.

Haya, wekeni muziki wa polepole kwanza. Mguu wa kulia: moja, na, mbili.