Antonio, Mary na mashamba yao: ukoo uliobaki kwenye makaratasi

Haya jamani, habari za huko nyumbani! Leo nipo Eastville, Virginia, na hilo jengo la matofali nyuma yangu ni mahakama ya zamani. Usidharau udogo wa mji. Kumbukumbu za mahakama za hapa zinaanzia 1632 bila kukatika, na Marekani nzima hakuna mfululizo mrefu kuliko huu.

Wengi mmenitumia ile klipu inayosema mtu wa kwanza kumiliki mtumwa Marekani alikuwa Mwafrika, Anthony Johnson. Sawa, tumsome basi kwenye makaratasi yenyewe.

Nasogeza kamera. Hii ni nakala ya hesabu ya watu ya 1625. Mstari huu: Antonio, mtu mweusi, alikuja na meli ya James, 1621. Na huyu Mary, mwanamke mweusi, meli ya Margaret and John, 1622. Jina la baba hakuna, la kijiji hakuna. Jina la meli lipo! Machi 1622 wenyeji wa asili waitwao Powhatan walivamia makazi ya Waingereza, na kwenye shamba alilokuwa Antonio waliuawa watu 52. Yeye akapona. Baadaye akaoana na huyo Mary.

Kisha kimya cha miaka. Anapojitokeza tena ni mtu huru, ana familia, ana ng'ombe, na jina limekuwa Anthony Johnson. Mwaka 1651 anapewa ekari 250. Utaratibu ulikuwa hivi: ukimlipia mtu nauli ya kuja Virginia, serikali inakupa ekari 50 kwa kichwa. Yeye alionyesha majina matano, na moja ni Richard Johnson, jina la mwanawe! Hapo nilicheka peke yangu. Watu wa ardhi ni wale wale, karne yoyote.

Mwaka 1653 moto ukawaunguzia mali. Mahakama ikamsamehe Mary na binti zao wawili kodi maisha yao yote. Msipite haraka hapo. Tangu 1643 mwanamke mweusi alitozwa kodi ya kichwa, mwanamke wa Kiingereza hakutozwa. Kwa hiyo karatasi ya msamaha ndiyo inayotuambia kwamba mabinti walikuwepo. Bila moto na bila kodi, tungewajuaje?

Sasa kesi yenyewe. Mtumishi wake mweusi, John Casor, alidai mkataba wake wa miaka saba au minane umekwisha, akahamia kwa jirani Mwingereza, Robert Parker. Johnson akashtaki, na Machi 1655 mahakama ikamrudishia Casor awe wake maisha. Hilo lilitokea, na halipendezi, simtetei. Ila kusema ndiye wa kwanza ni uongo. Mwaka 1640 mahakama ya Virginia ilikwisha kumhukumu mtu mweusi aitwaye John Punch atumike maisha kwa kutoroka, wakati Wazungu wawili waliotoroka naye waliongezewa miaka minne tu. Klipu huwa zinaishia 1655. Makaratasi yanaendelea.

Familia ikahamia Maryland miaka ya 1660, ikakodi ekari 300. Anthony akafariki, na Agosti 1670 baraza la mahakama huku Virginia likakaa kuamua ekari 50 alizomwachia Richard. Uamuzi: marehemu alikuwa mtu mweusi, kwa hiyo ni mgeni, ardhi irudi kwa Mfalme wa Uingereza. Mgeni! Mtu aliyefika 1621, kabla ya wengi wa majirani zake! Na mimi hapa na kibali changu cha kazi mfukoni, niseme nini?

Mjukuu, John, akanunua ekari 44 huko Maryland mwaka 1677, akaliita shamba lake Angola. Huenda basi baba mtu na babu mtu walikuwa wakihadithia nyumbani. Akafariki 1706 bila mrithi, na baada ya hapo ukoo unapotea kwenye vitabu.

Mnaniuliza kwa nini nahangaika na habari za watu wasionihusu. Kuna mama mmoja ninayesali naye, mzaliwa wa huku, anatafuta babu zake na amekwama 1870, kama wenzake wengi. Sensa ya mwaka huo ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina wote waliotoka utumwani. Orodha za watumwa za 1850 na 1860 zina umri, jinsia na rangi, chini ya jina la mwenye mali. Kwa hiyo usimtafute babu, mtafute bwana wake: wosia, mgawanyo wa mirathi, hati za madeni. Inauma kusema, lakini ndiyo njia.

Jumamosi tunaanza naye mikataba ya kazi ya 1865 na 1866, ile walioachwa huru waliyowekeana na wenye mashamba. Akikubali nirekodi, mtaiona.