Nitrojeni Kaidi: Mhadhara Uliotolewa Ngomeni, Lamu

Assalaam aleikum wazee wangu, walimu, na nyinyi vijana mlioacha mpira jioni hii mkaja kusikiliza kemia.

Hewa mnayovuta sasa hivi, asilimia 78 ni nitrojeni. Mtaitoa kama ilivyoingia, mwili haukuifanyia lolote. Mkulima wa Mpeketoni naye ameogelea ndani yake utosi hadi kisigino, na bado anatoa pesa kununua gunia la mbolea ili apate nitrojeni hiyohiyo. Sababu ni kwamba atomu zake mbili zimeshikana kwa vifungo vitatu, na kuvivunja kunataka nishati ya kilojuli 945 kwa kila moli, kipimo cha wanakemia cha wingi wa molekuli. Molekuli ndogo, lakini kaidi.

Mwaka 1909 Mjerumani Fritz Haber aliilazimisha iungane na hidrojeni, ikawa amonia, ambayo ndiyo hutengenezewa mbolea. Kichocheo chake, yaani kitu kinachoharakisha muungano, kilikuwa osmiamu, metali adimu mno. Alwin Mittasch wa kampuni ya BASF akajaribu maelfu ya michanganyiko mpaka akatua kwenye chuma, na 1913 kiwanda kikaanza kazi mjini Oppau. Njia hiyo ndiyo inayolisha dunia hadi leo: joto la nyuzi 400 hadi 500, shinikizo kubwa kupita mara mia ya hewa ya hapa. Hidrojeni yenyewe hutolewa zaidi kwenye gesi asilia, kwa hiyo hewa ukaa inayobaki nyuma si haba.

Kichocheo ni mshenga. Hukutanisha pande mbili, ndoa ikifungwa yeye huondoka mzima akatafute posa nyingine. Basi mshenga msimpime kwa harusi moja. Muulizeni amefungisha ngapi kabla ya kuchoka.

Sasa tazameni kunde. Ling'oeni shina, mtaona vinundu mizizini. Humo bakteria hutengeneza amonia kwa joto la udongo tu, bila tanuri, kwa kimeng'enya, kichocheo cha viumbe hai, chenye kiini cha atomu za chuma saba, salfa tisa, molibdenamu (nayo ni metali) moja, na katikati atomu ya kaboni. (Si bure, hula nguvu nyingi za mmea.) Kunde inaweza, sisi tulioenda shule tunahangaika.

Mwaka 2003 Dmitry Yandulov na Richard Schrock, pale chuo kikuu cha MIT, Marekani, walipata kichocheo cha molibdenamu kilichofanya kazi kwa joto la kawaida la chumbani. Mavuno: takribani molekuli 8 za amonia kwa kila atomu ya molibdenamu, kisha kikafa. Mwaka 2013 kundi la Jonas Peters, huko Caltech, chuo kikuu kingine cha Marekani, likafanya hivyo kwa chuma, takribani 7, tena kwenye baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri. Wanakemia tulishangilia. Mwenye shamba angetucheka, na angekuwa na haki.

Kisha 2019, Tokyo, kundi la Yoshiaki Nishibayashi likafikisha 4,350 kwa molibdenamu, hidrojeni ikitoka kwenye maji badala ya gesi. Mimi hiyo naiona hatua kubwa kuliko zote hizo. Lakini elektroni zinazohitajika kuunda amonia zilitolewa na iodidi ya samaria (samarium, aina ya metali), na kila molekuli ya amonia ilikula samaria tatu. Samaria ni ghali, na ikishatumika huwa taka. Kwa hiyo kazi maabarani sasa ni kuirejesha kwa umeme ili itumike tena, na umeme huo utoke kwenye jua au upepo. Upepo tunao.

Naona mikono. Mwalimu, anza wewe.