Usifungue Mkoba Kabla ya Kukaa

Bwana asifiwe, ndugu wauguzi. Nimepewa mambo matatu ya kuzungumza kuhusu kuwatembelea wagonjwa nyumbani: kifua kikuu, kisukari na presha. Wanaonijua wanajua nitaanza na lipi. Habari za mmisionari Krapf, na za mkewe Rosine aliyezikwa hapa Mombasa mwaka 1844, mmezisikia tangu shule ya Jumapili, sizirudii.

Ukifika kwa mgonjwa, piga hodi, kaa pale utakapokaribishwa, sikiliza. Mkoba ungoje.

Kuna baba mmoja upande wa Mariakani aliyekuwa akitibiwa kifua kikuu. Kadi yake ilikuwa safi, hakukosa tarehe hata moja. Lakini uzito haupandi na kikohozi ni kilekile. Kwenye faili mtu akaandika "mkaidi". Mkaidi! Mtu anayetembea juani kufuata dawa!

Tulipokwenda kwake tulikaa chini ya mwembe, tukazungumzia mvua iliyokataa na mahindi yaliyokauka. Mkewe akasema, bila kuulizwa, kwamba siku hizi jiko linawashwa jioni tu. Hapo nikaelewa. Mtoto akatumwa ndani, akarudi na tembe tele zisizoguswa. Kila akimeza asubuhi, tumbo tupu, anatapika. Tena mkojo ulikuwa umegeuka rangi ya chungwa, akadhani ni damu. Ni rifampicin tu ile, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, na rangi hiyo haina madhara, lakini hakuna aliyemwambia.

Mtauliza kwa nini hakusema kliniki. Aseme vipi? Aulizwe mbele ya foleni, "Mzee, umekunywa dawa?" kisha ajibu kwamba nyumbani kwake hakuna chakula? Baba wa watu?

Na wewe unayetikisa kichwa: najua dawa ile hufyonzwa vyema tumbo likiwa tupu. Iliyobaki kwenye pakiti haifyonzwi kabisa! Tulipima makohozi upya kuangalia kama vijidudu vimekuwa sugu kwa dawa, kisha saa ya dawa ikahamia usiku, baada ya sima. Matibabu ni ya miezi 6. Hakuna mwili unaoyamaliza kwa kukaripiwa.

Wengine mnasema wahudumu wa afya ya jamii wapo, serikali iliwapa mikoba mwaka 2023, sisi wa misheni tunatafuta nini vijijini? Tunakwenda pamoja nao, nao ndio watangulie. Wao wanajua nani kafiwa na nani hasemezani na nani.

Gari liacheni barabarani, mtembee. Gari lenye msalaba mlangoni likisimama uani mwa mtu, kufikia magharibi kijiji kizima kimeshamtajia ugonjwa wake.

Naona naonyeshwa saa. Kisukari, haraka: asiye na friji msimwambie anunue friji. Insulini, dawa yao ya sindano inayotakiwa kukaa mahali pa baridi, itiwe ndani ya chombo kisichoingiza maji, kiwekwe kwenye mtungi wa udongo uliolowa, kivulini. Presha naiacha, atakayetaka anifuate wakati wa chai.

Lakini la maombi siliachi. Ulizeni kwanza. Nyumba nyingi tunazoingia ni za Waislamu, na majirani wameshakuja kumjulia hali mgonjwa na kumwombea dua kabla hatujafika. Mwenye nyumba akisema hapana, basi ni hapana. Safisha kidonda kwa utaratibu uleule, mweleze mkewe dawa pole pole, na urudi tarehe uliyoahidi kama ambavyo ungerudi kwa mzee wa kanisa.