Kula Marseille kwa mfuko wowote: angalia saa kabla ya kuangalia bei

Haya jamani, habari za huko nyumbani? Wakubwa zangu shikamooni. Leo nipo barabarani, mjini kwetu Marseille, kusini mwa Ufaransa. Hapa niliposimama panaitwa Noailles, ukitoka tu kwenye kituo cha metro. Hizo kelele mnazozisikia ni soko la Capucins. Hebu nigeuze kamera: minti kwa mafungu, mizeituni kwenye ndoo, bamia, mihogo, ndizi za kupika. Mtu wa Tanga akishushwa hapa amefumba macho, atajua yuko sokoni.

Nimeamua kurekodi video hii kwa sababu ndugu zetu wanaokuja huku, awe mwanafunzi, awe baharia, awe mama aliyekuja kumtazama mwanawe, wanafika na hofu ileile, kwamba kula nje Ufaransa ni mambo ya matajiri. Halafu jioni ya kwanza mtu anakwenda kukaa Vieux-Port, bandari ya zamani, safu ya mbele kabisa inayotazama mashua. Bili inakuja, hofu inathibitika, na kuanzia hapo ni tambi chumbani mpaka siku ya kurudi. Inaniuma sana, kwa sababu huu ni mji unaolisha watu wa kila mfuko, na unawalisha vizuri.

Sikilizeni. Huku kinachopandisha bei ni saa unayokula na upande wa barabara uliokaa, kuliko hata chakula chenyewe. Mkahawa uleule, mpishi yuleyule, mchana ana sahani ya siku, wanaiita plat du jour, imeandikwa kwa chaki kwenye ubao nje. Mara nyingi ni kati ya euro 12 na 16. Ukitaka hesabu ya haraka, euro moja ichukulie kama shilingi 3,000 hivi za Tanzania, au 150 za Kenya. Jioni ubao ule unaondolewa, unapewa menyu kamili, na umekwisha. Kwa hiyo kama una pesa za kukaa mezani mara moja tu kwa siku, kaa mchana. Usiku kula cha mkononi.

Lakini mchana wa Wafaransa una mipaka. Jiko linafunguliwa saa sita, na kufikia saa nane, nane na nusu, limefungwa. Ukitokea saa tisa ukisema una njaa, watakuuzia kahawa. Baada ya hapo ni mpaka saa moja au moja na nusu usiku. Na Jumapili na Jumatatu sehemu nyingi hazifungui kabisa, kwa hiyo ulizia kabla hujavuka mji.

Ukishakaa, usiogope vitu vidogo. Bei lazima ziwe zimebandikwa nje, ni sheria, kwa hiyo soma kwanza ukiwa umesimama, hakuna atakayekushangaa. Omba une carafe d'eau: ni maji ya bomba kwenye jagi, ni safi na ni bure. Ukisema tu “maji”, unaweza kuletewa chupa ya kulipia. Mkate unaoletwa na chakula huwa hautozwi. Huduma imeshajumlishwa kwenye bei, kwa hiyo kama huna cha kuacha mezani, nyanyuka uende zako kwa heshima yako yote.

Na kwa Waislamu wenzangu, Marseille ni rahisi kuliko miji mingi ya Ulaya, nyama halali imejaa mitaa hii. Ila jifunzeni kusoma maneno matatu: porc, jambon, lardons. Yote hayo ni nguruwe. Na palipoandikwa sans porc maana yake hawapiki nguruwe. Sio kwamba kuku wao amechinjwa unavyotaka wewe. Uliza.

Haya, twende. Tunapandisha rue d'Aubagne. Mtaa huu tarehe 5 Novemba 2018 majengo mawili yaliporomoka, watu wanane wakafariki. Waliokuwepo hawajasahau. Lakini jikoni za hapa zinaendelea kupika, na mimi nawaomba mkija, leteni euro zenu hapa. Kwa Chez Yassine, mkahawa wa Kitunisia, agiza leblebi. Ni bakuli la supu ya dengu iliyomiminwa juu ya mkate mkavu uliokatwakatwa, na bizari nyembamba, harissa, yaani pilipili ya kusaga, mafuta ya zeituni, na yai wanalivunjia humo. Unakoroga mwenyewe mpaka mkate ulegee. Ukila hiyo saa saba mchana, usiku hutasumbuliwa na njaa, na bado mfukoni pana chenji. Mwezi wa Ramadhani mitaa hii ndiyo unatakiwa uione: alasiri meza zinatoka nje, mikate, briki, zile sambusa nyembamba za Kitunisia, vitamu vinavyodondosha asali.

Sasa chakula ninachokipenda kuliko vyote katika mji huu ni cha pesa ndogo kuliko vyote, na kukipata inabidi usafiri kidogo. Panda basi namba 35 kutoka Joliette mpaka L'Estaque. Majira ya joto kuna pia boti ya usafiri wa umma kutoka Vieux-Port, na hiyo safari peke yake ni starehe. L'Estaque ni kijiji cha wavuvi kilichomezwa na mji. Wachoraji kama Cézanne walikuwa wanakuja kuchora bahari ile. Pale ufukweni kuna vibanda, na vibanda vile vinauza panisse.

Panisse ni unga wa dengu, uleule wa bajia. Wanausonga kama ugali, wanauviringisha, wanauacha upoe na kushikana, ndipo wanaukata vipande vya mviringo na kuvitumbukiza kwenye mafuta ya moto. Simameni karibu na kibanda mtazame. Kipande kinazama, kinaibuka, pembeni panaanza kuwa na rangi ya dhahabu na vijipovu vidogo vidogo. Anavipakua, anavitikisa, anatia chumvi na pilipili manga, anavimwaga kwenye mfuko wa karatasi na mafuta yanaanza kupenya papo hapo. Nje ni mkavu, unavunjika kwa meno. Ndani ni laini kabisa. Mfuko mmoja ni euro chache tu. Ukimaliza, kibanda hichohicho kina chichi frégi, kinyunga kirefu cha kukaanga chenye harufu ya maua ya mchungwa, kimegaragazwa kwenye sukari. Wapelekeeni watoto.

Jioni, cha mkononi ni pizza ya garini. Najua mnafikiria Italia, lakini Marseille imejaa wahamiaji wa Kiitalia tangu zamani, na magari ya pizza yenye tanuri la kuni ndani yameegeshwa mitaani hapa tangu miaka ya 1960. Agiza moitié-moitié: nusu dagaa wa chumvi, nusu jibini. Inatosha wawili.

Ukiwa na pesa za wastani na watu wa kukaa nao, nendeni Le Fémina, rue du Musée, palepale Noailles. Jiko la Wakabyle wa Algeria, lipo tangu 1921. Kuskusi yao ni ya shayiri, ina rangi ya udongo na ladha nzito. Njooni na njaa, kwa sababu mchuzi na mboga wanakuongezea.

Sasa bouillabaisse. Kila mgeni anaiulizia, na hapa ndipo wengi wanapoibiwa, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Asili yake ni wavuvi: samaki wa miambani wenye miiba, ambao sokoni hawakununuliwa, walichemshwa kwenye sufuria pale ufukweni. Leo ni chakula cha heshima. Mwaka 1980 wenye mikahawa kadhaa walikaa wakaandika mkataba wa jinsi inavyotakiwa kupikwa: samaki wasipungue aina nne, wa bahari hii, na samaki wakatwe mbele yako mteja. Mchuzi unaletwa kwanza, wenye zafarani, na mkate uliokaushwa, kitunguu saumu cha kusugua, na rouille, ile sosi nyekundu yenye pilipili. Samaki wanafuata kwenye sinia lao.

Bouillabaisse ya kweli kwa mtu mmoja huanzia kama euro 60 na kupanda. Ukiona ubao Vieux-Port unaitangaza kwa euro 25, pita. Kwa pesa hiyo hao samaki hawapatikani. Nendeni wenyewe asubuhi kwenye soko la samaki palepale bandarini, mwone mzigo ni mchache kiasi gani na bei za kilo zikoje, mtanielewa. Kama pesa ya bouillabaisse ipo, na iliwekwa kwa ajili hiyo, panda basi 83 mpaka Vallon des Auffes, kibandari kidogo chini ya daraja, kwenye mkahawa unaoitwa Chez Fonfon. Piga simu mapema uweke nafasi. Na kama pesa haipo, agiza soupe de poissons kwenye mkahawa wowote wenye wenyeji mezani. Utapata mchuzi wa samaki, mkate na rouille ileile, kwa robo ya bei au chini ya hapo. Wala usijione umekosa kitu.

Kwa wenye uwezo wa juu kabisa, yupo Alexandre Mazzia. Alizaliwa Pointe-Noire, Kongo Brazzaville, akakulia huko utotoni, akacheza mpira wa kikapu wa kulipwa, kisha akaingia jikoni. Tangu 2021 mkahawa wake wa AM una nyota tatu za Michelin, kitabu cha Kifaransa kinachopima mikahawa, na tatu ndiyo daraja la juu kabisa. Mle ndani ni mamia ya euro. Lakini wakati wa Korona alianzisha gari la chakula jirani na mkahawa, linaitwa Michel, kwa bei ya watu kama sisi. Angalieni kwanza kama liko wazi siku hiyo.

Nimewaachia Wangazija mwisho kwa makusudi, kwa sababu hakuna kitabu cha watalii kinachowapa haki yao. Marseille ni mmoja wa miji yenye Wakomoro wengi kuliko yote nje ya visiwa vyao, na watalii wanapita hapa bila kuonja chakula chao hata mara moja. Nendeni mtaa wa Félix Pyat na maeneo ya kaskazini, mwulize mama yeyote aliyejifunga leso panapouzwa mabawa. Ni mabawa ya kuku yaliyokolezwa viungo na kuchomwa, na muhogo au ndizi pembeni, na putu, pilipili yao, ambayo haina huruma. Ukikuta mataba, kisamvu cha nazi, agiza bila kuuliza bei, kwa sababu haitakushinda. Mwamkie kwa adabu, mwambie unatoka Zanzibar au Mombasa. Mtaelewana nusu ya maneno na atakuongezea wali.

Wanafunzi, nyie kadi yenu inawafungulia migahawa ya CROUS, shirika la huduma za wanafunzi, chuoni. Kwa miaka kadhaa mlo kamili ulikuwa euro 3.30, na kwa wenye ruzuku euro 1; ulizieni bei ya sasa. Kuleni huko katikati ya wiki, akiba ile Jumamosi mpande basi la L'Estaque.

Anayekuja mwezi wa nane aniandikie kabla hajakata tiketi, kwa sababu wapishi wengi hapa wanafunga wanakwenda likizo, na nitamwambia jiko gani linabaki na moto.