Waya za Meno Zikishatolewa: Mazungumzo na Wazazi, Iringa

Wazazi, shikamooni. Vijana, mambo? Ahsanteni kwa kupanda hadi Gangilonga na baridi hii.

Nianze na mbao. Waliojenga kwa paini ya Mafinga wanajua: mbao mbichi leo imenyooka kama rula, ipigie kenchi kesho, baada ya muda bati limeinuka upande mmoja. Fundi anayejua kazi huzipanga, huweka vijiti katikati, huzikandamiza na mzigo, kisha husubiri. Jino lililotoka kwenye waya jana ni mbao mbichi.

Jino halikupigiliwa msumari kwenye taya, limeshikwa na nyuzi. Zile zinazolifunga kwenye mfupa hujipanga upya kwa miezi 3 hadi 4. Za kwenye fizi, miezi 4 hadi 6. Kuna nyingine, zimelizunguka jino shingoni, hizo hunyumbuka, na hata mwaka ukipita zinaweza kuwa bado zinavuta kama mpira wa manati. Ndiyo maana jino lililokuwa limejizungusha lina haraka sana ya kurudi lilikotoka.

Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walikuwa na ujasiri wa kuwaita wagonjwa wao wa zamani na kuwapima tena. Ripoti yao ya 1981 ilihusu watu 65 waliong'olewa magego madogo manne, wakafungwa waya, kisha wakakaa miaka 10 na zaidi bila riteina, kile kifaa cha kuvaa kinachoyashikilia meno yasirudi yalikotoka. Karibu thuluthi mbili, meno ya mbele ya chini yalishabanana tena vibaya. Walipofuatilia hadi miaka 20, waliobaki vizuri walikuwa kama 10 kwa 100.

Msikimbilie kumlaumu daktari. Wala gego la mwisho, maana wasio nalo hubanana vilevile. Safu ya chini hupungua nafasi kadiri umri unavyokwenda, hata kwa bibi ambaye hajawahi kuona waya.

Ila si kila badiliko hurudi. Mtoto ambaye jino lake la mbele la juu liliuma nyuma ya la chini, likishavushwa na kulifunika la chini vizuri, hujishikilia lenyewe. La chini linalizuia. Kinyume chake ni yule ambaye akiuma magego, mbele panabaki uwazi na ulimi unachungulia. Huyo namfunga waya huku roho juu, kwa sababu ulimi haupumziki.

Mimi mwenyewe, chuoni, niliifunga riteina kwenye karatasi kando ya sahani ya wali maharage. Mhudumu akabeba vyote, vikaenda na mabaki. Nikasema nitatengeneza nyingine mwezi ujao. Huyu hapa, jino la chini kushoto, bega mbele kama anayepita kwenye daladala iliyojaa.

Kwa hiyo mkiniuliza riteina ivaliwe hadi lini: usiku, kwa muda wote unaotaka meno yabaki hapo. Ukiivaa ikabana, jino limeshasogea. Njoo wiki hiyohiyo, usingoje likizo ya Desemba.

Mama pale nyuma, nimeuona mkono. Karibu.